Barua ya Kaka Bakari

Sisi tuliokulia kijiji cha Ziwani, Mtwara, tukichimba ming'oko, vile viazi vya porini, na kunyonya mabibo mpaka nguo zikaingia madoa yasiyotoka, Kiingereza kwetu kilikuwa kitu cha darasani. Ukitoka mlangoni unakiacha humo pamoja na chaki. Mwalimu Elizabeti, mwenyeji wa Bukoba aliyetufundisha darasa la sita, alitukaririsha kama kasuku. "Pass the book!" tukapeana kitabu. "I passed the exam!" tukapiga makofi, maana hapo mtu kafaulu. Na wavulana uwanjani walikuwa wanadaiana pasi. Neno moja, kazi tatu, zote nazijua! Watoto wa leo, wanaobwata Kiingereza cha katuni kabla hawajajua kufua soksi zao, hawawezi kuelewa heshima niliyokuwa nayo pale kijijini.

Kaka yangu Bakari alikuwa ng'ambo, anasomea ufundi wa mitambo. Alituambia mtihani wake wa mwisho umekaribia, na mama kila baada ya swala alikuwa akimwombea. Basi siku moja ya likizo Mjomba Issa akarudi kutoka posta ya mjini na bahasha. Haikuwa na mwandiko wa kaka. Majirani wakasogea, maana barua ilikuwa ya wote.

"Somoe, soma," mama akaniambia. "Polepole, mwanangu."

Ilikuwa ya mama mwenye nyumba aliyopanga kaka, fupi tu, na mwandiko wake umelala kama nyasi za mvua. Nikaona "sorry". Nikasema, "Anaomba radhi." Labda kwa kuchelewa kuandika. Kisha nikakutana na rafiki yangu: Bakari passed on Friday.

"Kaka kafaulu!" nikapiga kelele. "Kafaulu Ijumaa!"

Mama alipiga kigelegele ambacho sijawahi kukisikia tena. Mjomba akanibeba juu juu, mimi msichana mkubwa. Kuku wawili wakachinjwa, wali wa nazi ukapikwa, wanawake wakacheza mpaka vumbi likapanda. Mama akaagiza Mwalimu Elizabeti aitwe, aje ale matunda ya kazi yake.

Mwalimu akaja anacheka. Akasema, "Nionyesheni hiyo barua, na mimi nifurahi." Akasoma. Akarudia. Kicheko kikamkauka.

"Nani amewasomea?"

"Mimi, mwalimu."

Hakunigombeza. Aliniwekea mkono kichwani, akamvuta mjomba pembeni, nami nikafuata nyuma. Nikamsikia: "Wenzetu hawa, mtu akifariki, hutumia neno hilohilo la kufaulu. Kijana alilala hakuamka. Ameshazikwa; kwa tarehe ya barua, ni wiki ya tatu sasa."

Nilitaka kumwambia amekosea. Neno nililolijua, nililolishangilia! Mjomba akavua kofia yake. Mama alimwona kutoka jikoni, mwiko mkononi, akamuuliza, "Issa, mbona umevua kofia?" Mwiko ukaanguka, akaanguka na yeye.

Wali ule uliliwa matangani. Waliokuja kucheza wakabaki kulia, wengine bado wana vumbi la ngoma miguuni. Mimi nilijificha nyuma ya ghala la korosho, nina hakika nimemuua kaka kwa mdomo wangu. Mama ndiye aliyenitafuta, siku ya tatu, macho yamevimba. Alikaa chini, akanipakata.

"Kosa si lako," akasema. "Tulimtwika mtoto mzigo wa watu wazima."

Tukalia pamoja, na tangu hapo hakuruhusu yeyote anitanie kwa jambo lile.

Leo wanangu wana simu inayotafsiri lugha zote duniani. Hawawezi kukosea kama mimi, na nashukuru. Lakini mwaka jana shangazi yangu alipofariki, habari zilinikuta kwenye foleni ya benki mjini Mtwara. Mtu alikuwa ameandika kwenye kundi la ukoo, kwa usahihi kabisa, herufi zote mahali pake, na chini yake wajukuu wakapanga vikatuni vya machozi. Nikageuka kutafuta wa kumshika, nikaona watu kumi wameinamia simu zao. Nikaegemea ukuta.