Siku Niliyofundisha Kujizuia Nikiwa na Senene Kotini

Senene wa kwanza alitokea kwenye kola yangu Madam Neema alipofika kwenye neno "nidhamu" katika hotuba yake, akapanda taratibu mpaka shavuni, akatulia hapo kama mtu aliyelipa kiingilio. Mbele yangu walikaa wanafunzi wote wa kidato cha nne, pembeni alisimama mkuu wa shule, na huyo Madam Neema ndiye aliyekuwa anaamua kama mimi nitapata ajira. Sikumfukuza. Ningemfukuzaje, na mikono nilikuwa nimeibana mbavuni kuwazuia wenzake waliobaki ndani ya koti?

Aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha, acheni niwagawie.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea. Nazunguka shule za Karagwe na Kyerwa kwa bodaboda nikiwafundisha vijana elimu ya fedha na maandalizi ya kazi, yaani kuweka akiba, kupanga bajeti, kujieleza kwenye usaili. (Ndiyo, mtu asiye na kazi anafundisha namna ya kupata kazi, na mtu anayekula ndizi za mama yake kule Ihanda anafundisha bajeti. Mmeshacheka? Tuendelee.) Sasa wafadhili wetu wakaamua kuajiri mratibu mmoja wa wilaya zote mbili, mwenye mshahara kamili, wakamtuma Madam Neema kutoka Dar es Salaam aje kunitazama nikifundisha shule moja ya Kimuli. Yeye alisema anaweza kufika mchana. Mimi nikasema hapana, tufanye asubuhi, akili za vijana zinakuwa hazijachoka. Uamuzi ulioniponza ndio huo, mdogo tu.

Mkuu wa shule, Mwalimu Rwegasira, alinipigia simu siku iliyotangulia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Projestus, mwezi huu na mvua hizi, asubuhi iache. Weka mchana."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Wewe mtoto wa hapa hapa unaniuliza kwa nini?"

Nikamjibu kwamba programu yetu haipangi ratiba kwa kufuata wadudu. Nilijisikia mtu wa kimataifa kabisa.

Kwa wale msiotoka kwetu: senene ni panzi wa kijani tunaowala, wanakuja msimu wa mvua, mara nyingi asubuhi, na wakishuka hawatoi tangazo. Mtu huacha jembe shambani, mama huacha chungu jikoni, hata ibada hupungukiwa na waumini, kwa sababu ukichelewa jirani atakuwa amewamaliza, na utakaa msimu mzima ukisikia harufu ya kukaanga kutoka kwake.

Basi nikafika Kimuli nimevaa koti la shemeji yangu, muuguzi wa Nyakahanga, koti alilofungia ndoa, ambalo dada alinikabidhi kwa masharti mengi kuliko ya mkopo wa benki. Somo lilikuwa tofauti ya mahitaji na matakwa, na namna ya kujizuia. Niliwaka siku hiyo. "Anayeshindwa kujizuia kipindi kimoja," nikasema, huku nikimwangalia Madam Neema kwa jicho la pembeni, "hawezi kuweka akiba maisha yake yote. Atakayeinuka kabla sijamaliza, ajue ameshafeli usaili."

Hapo ndipo senene waliposhuka uwanjani.

Wanafunzi waliwaona. Hakuna aliyeinuka. Mmoja alifumba macho, mwingine alikalia mikono yake, lakini hakuna aliyeinuka, na Madam Neema akaandika kitu huku anatabasamu, nami nikaona mshahara wangu unakuja kwa miguu yake miwili. Nikasema niwaonee huruma, nifunge dirisha. Madirisha ya pale yanafungwa kwa nje. Nikatoka nje kufunga dirisha tu.

Kwenye ubao wa dirisha alikuwepo mmoja. Nikamchukua. (Wewe ungemwacha?) Wa pili alikuwa jirani na wa kwanza, wa tatu alikuwa jirani na wa pili, mfuko wa kulia ukajaa, wa kushoto ukajaa, nikaingia mfuko wa ndani, ambao shemeji hakuniambia kwamba umetoboka, kwa hiyo ulikuwa haujai hata nifanyeje, senene wote wanapita kwenda kwenye bitana. Nilipoinua kichwa nilikuwa golini, magoti yamelowa matope, na darasa zima limenigeuzia uso, wamekaa vilevile, hakuna aliyevunja sheria.

Kiranja wao, binti anayeitwa Adventina, akanyoosha kidole kwa adabu.

"Samahani, mwalimu. Hayo ni mahitaji au matakwa?"

Madam Neema alikuwa ameshasimama mlangoni. "Mwalimu, hii ni sehemu ya somo?"

Mtu mwenye akili angesema hapana. "Ndiyo, Madam," nikasema. "Tumeingia mada ya kutumia fursa."

"Ahaa. Na wao wanaitumia lini?"

"Wao kwanza wanatazama, Madam."

"Tumezoea kutazama," ikasema sauti ya nyuma, na darasa likacheka mpaka mkuu wa shule akakohoa.

Nikarudi ndani nimefunga vifungo vyote, nimebana mikono, natembea kama mtu mwenye majipu kwapani. Madam Neema akaanza hotuba ya kufunga. Akafika kwenye nidhamu, na yule wa shavuni akatoka, kama nilivyosema. Wa pili akatokea kwenye mkono wa koti. Wa tatu akaruka, akatua kwenye nywele za Madam Neema, naye akaganda, na mimi, Mungu ananiona, sikufikiri chochote: nilinyoosha mkono, nikamtoa kwenye nywele za mgeni rasmi, nikamrudisha mfukoni.

Darasa lililojizuia asubuhi nzima likashindwa hapo. Walipita mlangoni, wengine dirishani, na Mwalimu Rwegasira alikuwa wa katikati kabisa, ameshika ndoo ya kufutia ubao. Tulibaki wawili.

"Somo limeisha?" akauliza.

"Limeisha, Madam."

Nimeapa kutofundisha asubuhi msimu wa mvua, na nikivaa koti tena, mifuko yake nitaishona kwanza. Jibu la ajira halijaja. Wanafunzi hawakosi kuniuliza nikipita Kimuli, nawaambia mchakato unaendelea. Madam Neema amenipigia mara moja tu. Nilisimama kupokea, nikasafisha koo, nikaamkia.

"Mwalimu Projestus, wale senene alionifungia mkuu wa shule," akasema, "mabawa yanatolewa kabla ya kukaanga au baada?"

Nikamwambia kabla. Akashukuru, akakata simu.