Uzio wa Minyaa

Darasa la sita mwalimu alitufundisha jinsi watu wa kwanza walivyofika Amerika. Walitoka Asia kwa miguu, kwenye baridi kali, wakifuata wanyama, wakakuta bara zima halina mtu. Wenzangu waliwahurumia kwa ile baridi. Mimi niliwaonea wivu: walifika mahali pasipo na mwenyekiti wa kijiji.

Sisi tulitoka Shinyanga na ng'ombe wetu miaka ya sabini, tukafika Usangu, mkoani Mbeya, tukakuta wenye mpunga. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulikuja nalo, na bado tulinuniwa. Shuleni waliniita Mavi ya Ng'ombe, mwalimu akicheka. Naye alikuwa mgeni, ametoka Iringa, ila yeye hakuna aliyemwambia arudi kwao.

Mama alipanda minyaa kuzunguka nyumba, kwa vijiti alivyovibeba kutoka kaskazini. Kwetu, nyumba isiyo na uzio wa minyaa ni kambi tu. Majirani walielewa maana yake: hawa wamekuja kukaa. Uzio ulipofika kifuani wakaja na mapanga, jirani yetu wa mfereji wa pili akiwa mbele, wakaufyeka wote. Matawi wakayatupa mferejini kwake.

Utomvu wa mnyaa hauchezewi. Ulimrukia machoni, na mkewe akaja mbio na kikombe.

"Mama, nisaidie maziwa. Macho ya mzee yanawaka moto."

Baba alisema apofuke tu. Hata mimi nilitaka apofuke. Mama alikamua ng'ombe pale pale.

"Kamwoshe. Mwambie mnyaa haujuagi mwenyeji wala mgeni."

Akapona. Mvua zilipoanza, kijiji kikaitisha mkutano kuamua kama tubaki. Jirani alisimama wa kwanza, jicho moja bado jekundu.

"Miti yao ni sumu, ilitaka kunipofua. Waondoke!"

Maziwa hakuyataja. Mkewe alitazama chini. Asante ya punda ni mateke.

Tuliswaga ng'ombe kuelekea Chunya. Tulipopita shamba lake, tuliona yale matawi yameshika mizizi na kuchipua, kando yote ya mfereji. Niliinama kung'oa angalau machache, tukapande tuendako. Mama akanishika mkono.

"Yaache. Atakaa ndani ya uzio wetu."

Nilifurahi sana. Hadi leo nafurahi.