Tochi ya Mayai

Kilichoninyima usingizi ni hiki: je, kama mama yuko sahihi? Nimesoma fizikia, nimemaliza, niko nyumbani Shanwe nasubiri kazi, na bado nilikuwa nimelala macho natafuta namna ya kukubaliana na mama yangu kuhusu titi lake mwenyewe.

Mama anafuga kuku wa kienyeji. Kuku akishaatamia kama wiki moja, mama huingia stoo na mayai, huziba dirisha kwa kitenge, kisha huweka tochi ya simu chini ya kila yai. Lenye kifaranga huonyesha mishipa myembamba myekundu, imetawanyika kama mizizi. Lenye doa jeusi tu, bila mishipa, ni viza, analitenga. Sijawahi kumwona akikosea.

Jioni moja tukiwa tunakula aliniuliza, kwa mara ya kwanza, chuoni nilikuwa nafanya nini hasa. Nilifurahi mno. Nikamweleza kwamba kuna mwanga usioonekana kwa macho, unaopenya kwenye titi bila kuchoma wala kukata. Damu huunyonya. Uvimbe mbaya hujivutia mishipa mingi ya damu, kwa hiyo kompyuta ikipiga hesabu ya mwanga uliotokea upande wa pili, inaweza kuchora uvimbe ulipo na kukisia ni wa aina gani.

"Kumbe ni kama mayai," akasema.

"Ndiyo mama, kama mayai."

Nilidhani nimefundisha vizuri.

Siku chache baadaye nilikuwa stoo, nimemshikia trei. Akasema bila kugeuka, "Na mimi nilijipima."

"Ulijipima nini?"

"Hili la kushoto. Kuna kigumu humu tangu tulipovuna mpunga. Nikaweka tochi, nikaona doa. Halina mishipa. Viza hilo, halina uhai. Shika hili, usiangushe."

Nikalishika. Lilikuwa bado na joto la kuku. Nikabaki naangalia mgongo wake ukiinama na kuinuka kama siku zote. Uvimbe ulinishtua, ndiyo. Lakini kilichonitia ganzi ni kwamba jibu lake lilikuwa limejengwa kwa maneno yangu, na lilikuwa limepangika. Mishipa mingi, hatari. Hakuna mishipa, salama. Hata mtihani wangu ningeujibu hivyo.

Ndipo nikalala nikibishana na dari. Labda ni kweli. Labda nikimpeleka hospitali nitamtia hofu bure. Na kama si bure? Kisha nikakumbuka titi la bandia nililopimia chuoni: jeli na maziwa, na ndani yake kipande cheusi nilichokizika kwa mkono wangu. Nilijua kilipo kabla sijawasha chochote.

Asubuhi nilimkuta akiwatupia kuku pumba. Nikamwomba simu, nikawasha tochi, nikamvuta hadi stoo na kuibana kwenye kiganja chake. Nyama ikawaka nyekundu.

"Mfupa uko wapi, mama?"

Akageuza mkono huku na huku. "Sioni."

"Lakini upo."

Kuku mmoja alikuwa ametufuata hadi mlangoni.

"Tochi haioni ndani ya mtu," nikasema. "Yai ni ganda jembamba tu."

"Si wewe ulisema ni kama mayai?"

"Nilisema. Nilikosea."

"Na hiyo mashine yako iko wapi, basi?"

"Huku haipo. Na mimi sikuwahi kuijaribu kwa mtu. Nilipima jeli."

Akacheka kidogo. "Miaka yote ile. Kumbe ulisomea jeli."

"Vaa viatu, mama. Twende hospitali."

"Mayai ya yule kuku mwingine yanaanguliwa kesho."

"Kuku anajua kazi yake."

Nilikuwa nimeshaita bajaji. Njiani alishikilia pochi kifuani, upande ule ule. Kwenye dirisha la mapokezi dada mmoja akauliza mgonjwa anaumwa nini. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu, wengine wa mtaani kwetu.

"Kichwa," mama akasema haraka.

Nikainama hadi kwenye kioo. "Titi," nikasema. "Ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Tunaomba daktari amwangalie leo."