Usukani wa Tarishi

Herufi alifika kwa fundi akikokota pikipiki, usukani umepinda upande wa kushoto kama mtu anayechungulia kwa jirani. Jana yake lori la mchanga lilikuwa limerudi nyuma bila kutazama, likaigonga. Dereva alishuka, akaomba radhi mara kumi, akapanda akaenda zake. Mtu mwingine angewaka. Herufi alishukuru moyoni, na huko kushukuru kukamtia aibu njia nzima.

Ukitaka kujua kwa nini alishukuru, utazame kwanza mkono wake wa kulia. Alikuwa mchoraji wa mabango, umri miaka arobaini na sita, na mtaani kwao hakukuwa na duka la dawa, saluni wala mashine ya kusaga ambayo maandishi yake hayakutoka kwenye brashi yake. Ndiyo maana watu walilisahau jina alilopewa na wazazi wakamwita Herufi. Lakini usukani wa ile pikipiki ulikuwa mfupi na wa chini, ukimlazimisha anayeendesha ainame mpaka kidevu kikaribie taa. Akienda dakika arobaini tu, vidole vitatu vinakufa ganzi, na akishuka hawezi kushika brashi mpaka ipite saa nzima. Basi akawa anachora mabango ya karibu, ya mbali akawaachia wenzake.

Sasa kazi ilikuwa imekuja ya kumtoa. Kampuni moja ya mafuta ilimtaka aandike mabango ya vituo vyake vyote vya barabara kuu, ishirini na vinne, kwa miezi minane, kuanzia Jumatatu. Msimamizi alimuuliza jambo moja: "Usafiri unao?" Herufi akajibu anao, maana usafiri kweli alikuwa nao, mkono ndio alikuwa hana. Usukani mrefu ungemkalisha wima, na mkono ungepumua. Akifunga mrefu, ataondoka. Akifunga mfupi, atabaki.

Ila pikipiki haikuwa yake, ilikuwa ya baba. Mzee alikuwa tarishi miaka thelathini, akisambaza barua za ofisi juu ya pikipiki hiyo hiyo, na walipomstaafisha waliona aibu kumnyang'anya. Macho yalipomwacha, miaka tisa iliyopita, alimkabidhi mwanawe, lakini kwa mdomo tu. Kila jioni Herufi akirudi, mzee hutoka kibarazani akipapasa ukuta, akaikagua: tangi, kiti, taa, kisha usukani, ambao huushika kwa mikono miwili na kutulia. Mama alikuwa ameshafariki, dada ameolewa mbali. Walibaki wao wawili katika vyumba viwili, na pikipiki inayolala sebuleni. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mshona nguo, aliyesubiri miaka minne apatiwe nafasi katika vyumba hivyo. Alipochoka aliolewa kwingine, na Herufi ndiye aliyemwandikia bango la duka lake jipya. Lilipendeza sana.

Habari za vituo vya mafuta alikuwa amemweleza mzee siku ya Jumanne. Alimweleza pia kwamba mama wa nyumba ya pili amekubali kwa moyo mmoja kumpikia na kumtia dawa ya macho. Mzee alisema, "Hongera," akaomba sukari iongezwe kwenye chai. Leo asubuhi, kabla Herufi hajatoka, ndipo alipoongeza neno.

"Usukani uwe ule ule."

"Baba, siku hizi ziko nzuri zaidi."

"Sijakuuliza uzuri. Nimesema uwe ule ule."

Herufi akaikokota pikipiki nje. Njiani alikuwa ameshakata shauri: atafunga mrefu, mzee akinuna na anune.

Fundi aliitwa Kipimo, na watu walitoka mbali kwa ajili ya sheria yake moja. Hakumuuzia mtu usukani kwa kuutazama. Aliufungua ule wa zamani, akamkalisha mteja juu ya pikipiki, akamfumbisha macho na kumwambia anyooshe mikono kana kwamba yuko barabarani. Kisha akapima kwa ufito wenye alama za chaki mahali viganja vilipoangukia. Usukani uliokaribiana na vipimo hivyo ndio wako, upende usipende. Wengi waliokuja wakitaka mapembe ya kutishia watu barabarani waliondoka na usukani wa kistaarabu, na baada ya wiki wakarudi kushukuru.

"Nauchukua huu," Herufi alisema hata kabla ya salamu kuisha, akigusa ule mrefu uliotundikwa msumarini.

"Taratibu, kaka. Unakimbizwa na nani? Panda, fumba macho."

"Nimeshachagua, fundi."

"Umechagua kwa macho. Kwangu hapa hatuchagui kwa macho."

Herufi alipanda huku akicheka. Wasiwasi wa nini? Aliijua mikono yake inataka nini, miaka tisa inamlilia. Akafumba macho, akavuta pumzi, akanyoosha. Akasikia ufito ukigusa kiganja kimoja, kisha cha pili, na fundi akiguna.

"Haya, fumbua."

Mgongo wake ulikuwa umeinama. Viganja vilikuwa chini, karibu na magoti, vimesogeleana, na vidole vya kushoto vimekunjwa kushika klachi ambayo haikuwepo. Vilikuwa pale pale ulipokuwa usukani wa zamani.

"Hapana, bwana. Nimejisahau. Turudie."

Mara ya pili aliinyanyua mikono kwa nguvu, na fundi akamwambia asijikaze, apumue. Alipopumua ikashuka yenyewe. Mara ya tatu hata yeye hakuleta ubishi.

"Wewe ni mtu wa usukani mfupi," Kipimo alisema kwa upole. "Mrefu utakusumbua bure. Halafu waya za klachi na breki hazitafika, itabidi tubadilishe zote."

"Mkono unakufa ganzi, fundi."

"Unyooshe asubuhi na jioni. Mikono yako imeshasema, mimi siwezi kubishana nayo."

Hapo ndipo mtu angetamani kumshika Herufi mabega na kumtikisa. Mikono haikusema inachotaka, ilisema ilichozoeshwa! Aliyelala miaka tisa kwenye kitanda kifupi hukunja miguu hata akitandikiwa sakafuni. Kipimo hakulifikiria hilo, kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa vijana wenye pikipiki mpya. Lakini Herufi alilifikiria. Lilimjia wazi kabisa, akiwa bado juu ya kiti, na mdomo haukufunguka. Kwa sababu pamoja na kulijua alisikia nafuu, na nafuu hiyo ilimuumiza kuliko ganzi yoyote. Sasa hakuwa yeye aliyeikataa kazi, wala si baba aliyemzuia. Ilikuwa ufito.

"Nifungie mfupi," alisema.

Jioni mzee alitoka kibarazani. Alipofika kwenye usukani aliushika kwa mikono miwili, kisha akaomba asaidiwe kupanda. Akainama mbele kama zamani, viungo vikalia.

"Wenyewe!" alisema, uso umemfunguka kwa furaha. "Nilidhani utaniletea mrefu."

"Ulisema uwe ule ule."

"Nilisema. Na Jumatatu?"

"Nimewapigia. Watatafuta mtu mwingine."

Mzee aliitikia kwa kichwa, bila haraka. "Hata mimi ofisini walitaka nipeleke barua za miji ya mbali, mwaka uliozaliwa wewe. Nilikwenda safari moja tu. Usukani huu unaua vidole. Hivi hapa." Akainua mkono wa kulia, akaonyesha vitatu, vile vile. "Mtu hafiki nao mbali. Ndiyo maana nikakwambia uwe ule ule."

Herufi hakuwa amewahi kumweleza baba yake habari za vidole, hata siku moja. Alimtazama mzee, naye mzee alikuwa akitabasamu kuelekea barabarani, akiukandamiza usukani taratibu kwa kiganja.

"Haya, nishushe," alisema. "Nasikia njaa."

Herufi akanyoosha mikono yote miwili, akamshusha.