Sinia Kwenye Dirisha la Dawa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiketi kushukuru huja mbele ya nyingine zote. Nilikuwa mwanafunzi wa famasia, nimetumwa na chuo kujifunza kwa vitendo katika kituo kimoja cha afya hapa kwetu Bagamoyo, upande wa Dunda. Nilikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi hadi likataka kusimama lenyewe, na nilikuwa na mkono mmoja unaofanya kazi.

Nikueleze kwanza habari ya mkono, maana wewe umenijua nikiwa mtu mzima na huenda umekwisha kuuzoea hata huuoni. Siku niliyozaliwa, bega lilikwama. Mkunga wa kule kwetu Makurunge ilimbidi avute, la sivyo angetuzika wawili, mimi na mama. Akavuta. Tukaishi sote, ila mkono wangu wa kulia ukabaki umelegea. Mama hakumlaumu mkunga yule hata siku moja. Kila sikukuu alimpelekea sahani ya pilau, na aliyeibeba sahani hiyo nilikuwa mimi. Hujafa hujaumbika, aliniambia, na aliyekuokoa hadaiwi kwa alichoshindwa kukiokoa.

Lakini sisi watu wa pwani tuna adabu yetu ya mikono, nawe umelelewa nayo. Kitu hutolewa kwa mkono wa kulia. Ukilazimika kutoa kwa wa kushoto, kwa kuwa wa kulia una unga au umempakata mtoto, huomba radhi: “Samahani, mkono wa kushoto.” Mama alinifundisha maneno hayo kabla sijajua kuhesabu. Niliyasema dukani, niliyasema madrasa, niliyasema nikimpa shoga yangu kalamu. Na kwa kuwa niliona haya, mkono uliolegea niliufunika kwa mtandio.

Basi asubuhi ile foleni ilikuwa imejaa kibaraza na kumwagikia juani. Kwenye dirisha la dawa akasimama Mzee Pazi, mkulima wa Zinga, kanzu safi, kofia imekaa sawasawa, amekuja kuchukua dawa zake za presha. Nikamwamkia, akaitika. Nikaandaa paketi zake mbili, nikanyoosha mkono.

“Samahani, babu, mkono wa kushoto.”

Hakupokea. “Wa kulia umeshika nini?”

Nikauvuta mtandio ukaufunika zaidi.

“Nakuuliza, binti. Radhi hiyo huombwa na mwenye shughuli. Wewe wa kulia umeulaza humo kwenye mtandio, unapumzika, mimi nanyooshewa huo. Ndiyo elimu ya chuo hiyo?”

Nyuma yake kijana mmoja akapaza sauti: “Babu, pokea au pisha! Sisi wengine kwa jua hili hata kwa mguu tunapokea!”

Watu wakacheka, naye mzee akazidi kukasirika. Ndipo alipotoka Bi Mwantumu, mfamasia mkuu wa kituo, mama wa makamo ambaye sauti yake haikuwahi kupanda. Akamwomba mzee radhi, akachukua zile paketi, akampa kwa mkono wa kulia. Kisha akanishika bega, akanipeleka chumba cha nyuma kunakowekwa akiba ya dawa.

“Kaa huku, mwanangu. Panga maboksi. Huku hakuna atakayekusumbua.”

Alisema kwa upole wa kweli, nami nikamshukuru kwa kweli. Dirishani akawekwa Kassim, mwanafunzi mwenzangu, kijana mcheshi mwenye mikono miwili na maneno ya watu wanne.

Nilikaa kule nyuma, na hili nakuomba ulisikilize vizuri: nilianza kupazoea. Aibu ikipewa chumba huleta na godoro lake. Kassim ndiye aliyenichokoza, siku alipokuja kuchukua boksi na kunikuta nimeketi juu ya jingine.

“Zuhura, wiki hii mwalimu anakuja kutupima. Anakaa dirishani, anatazama unavyomwelekeza mgonjwa. Wewe utaelekeza maboksi?”

“Maboksi hayabishani,” nikamjibu.

“Wala hayaponi,” akasema, akaenda zake.

Maneno hayo yaliniuma kuliko ya Mzee Pazi. Asiyeweza kumkabidhi mgonjwa dawa na kumweleza akaelewa hawezi kuwa mfamasia, hata akijua majina ya dawa zote zilizo rafuni. Nikaenda kwa Bi Mwantumu, nikamwambia nimeamua kurudi chuoni niombe kozi nyingine, ambayo haina dirisha.

Alikuwa akinywa chai. Hakunibembeleza. Aliuliza tu: “Umewahi kumpa mtu dawa isiyo yake?”

“Hapana.”

“Umemwelekeza mtu vibaya?”

“Hapana, Bi Mwantumu.”

“Basi unaondoka kwa kosa la nani?”

Akakisogeza kikombe kando. “Kosa ni langu,” akasema. “Nilikupeleka nyuma nikidhani nakusitiri, kumbe nakuficha. Anayekusitiri hukufunika ili uweze kusimama mbele za watu. Anayekuficha hukufunika ili watu wasikuone. Na wewe nawe ulianza kujificha kabla yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mkono huo wala si maradhi! Tangu uje nimekusikia ukisema samahani mara nyingi kuliko unavyosema kutwa mara mbili. Unamwomba nani radhi? Aliyekuumba hajakulalamikia.”

Nililia, mwanangu. Naye akaniacha nilie hadi nikamaliza, kisha akanimiminia chai.

Kesho yake alikuja na sinia la bati lenye maua mekundu, lile wanalowawekea wageni chakula nyumbani kwake. Akaliweka dirishani, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo dawa hazitolewi mkononi. Zitapangwa juu ya sinia, mgonjwa azione zote, aelezwe moja moja, kisha azichukue mwenyewe.

“Zuhura ndiye mwenye haja nalo,” Kassim akasema. “Mimi mikono yangu mizima. Sinia la nini?”

“Ndiyo maana utalishika vizuri. Likitumiwa na mmoja, watu watauliza ana nini. Likitumiwa na wote, watasema hapa ndivyo wanavyotoa dawa. Posa haipelekwi kwa sinia? Tambuu haitolewi kwa sinia? Umewahi kumsikia mtu akiuliza limesogezwa kwa mkono gani?”

Kassim akakuna kichwa. Kisha mama yule akanigeukia. “Nawe una sharti lako. Huo mkono utoke kwenye mtandio, ukae mezani watu wauone. Na samahani uitunze kwa siku utakayokosea.”

Nikarudi dirishani, na mwalimu wa chuo akaketi pembeni yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilijiambia. Katikati ya asubuhi nikamwona Mzee Pazi kwenye foleni. Siku zake za kurudi hazikuwa zimefika. Alikuwa akitembea akigusa ukuta, kizunguzungu kimemshika.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba.” Macho yake yakatua kwenye mkono wangu uliokuwa umelala juu ya meza. “Ndio huo?”

“Ndio huo, babu. Ulilegea nilipozaliwa.”

“Mbona hukusema?”

“Niliona haya.”

“Mimi sikukukasirikia wewe,” akasema polepole. “Niliukasirikia mkono.”

“Babu, mimi na mkono tumezaliwa siku moja.”

Akainamisha kichwa. Nikamwomba paketi alizokuja nazo, nikaziweka juu ya sinia, nikalisogeza mbele yake kwa mkono wangu wa kushoto. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akachungulia. “Eh, babu! Leo unaletewa kama posa. Unakubali, au tuwaite wazee?”

“Mshenga asubiri,” Mzee Pazi akajibu, uso ukianza kufunguka. “Kwanza nijue ninachoposewa.”

Na hapo, mwanangu, ndipo ilipoonekana hasara ya siku ile. Paketi zake mbili zilifanana kama ndugu. Moja ilikuwa ya asubuhi, nyingine ya jioni. Kwa hasira yake, aibu yangu na haraka ya Bi Mwantumu, hakuna aliyemweleza. Nilipomuuliza anazimezaje, akasema huzimeza zote asubuhi, na zote tena jioni. Aliyenyimwa dirisha nilikuwa mimi, lakini aliyeyumba barabarani alikuwa yeye. Nikamwita Bi Mwantumu, naye akampeleka kwa daktari apimwe presha. Aliporudi, nikamweleza dawa zake taratibu, nikamwomba naye anieleze mimi, hadi alipozitaja bila kukosea. Akazichukua kwenye sinia mwenyewe, akasema, “Mungu akubariki, mfamasia.” Lilikuwa jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniita.

Mwalimu alisubiri foleni ipungue. Akamuuliza Bi Mwantumu kama sinia lile halikuwa upendeleo kwangu.

“Upendeleo ungekuwa kama Kassim angenyimwa,” akajibu. “Hatukumpunguzia Zuhura kazi hata kidogo. Tulichoondoa ni kile kilichokuwa kikimzuia kuifanya. Wewe pima kama mgonjwa ameelewa.”

Mwalimu akapima hivyo, nami nikafaulu.

Leo ninafundisha wengine kazi hii, na ninaposhukuru, simshukuru Bi Mwantumu peke yake. Namshukuru na Mzee Pazi, aliyeniuliza kwa sauti jambo ambalo wengine walikuwa wakiliuliza moyoni. Namshukuru Kassim kwa ulimi wake mkali. Nilizungukwa na watu waliokubali kubadilika, na hiyo si neema ndogo. Muungwana ni vitendo.

Sasa sikiliza ninachokuusia, kwa kuwa nawe umeingia katika kazi hii. Utaletewa mwenzako kiziwi, na utashawishika kumpa kazi ya kupanga rafu. Usifanye haraka. Jifunze kwanza ishara chache za lugha yake, kisha muulize anataka kufanya nini. Utaletewa binti wa wafugaji, na wakulima waliogombana na ndugu zake watasita mbele yake. Simama karibu naye, si mbele yake. Atakuja bibi kutoka bara ambaye Kikwere ndicho kinachomtoka akiumwa. Mtafute anayekijua, wala usipandishe sauti ukidhani hasikii. Na ukiona dirisha lenu liko juu mno kwa mtu wa kigari cha magurudumu, usimsifu kwa kujikakamua kwake. Lishushe dirisha.

Huruma ni kitu kizuri, mwanangu, lakini ichunguze. Ile inayomwondoa mtu mbele za watu ili wewe usione shida, hiyo umejihurumia mwenyewe. Haki ina kazi zaidi: hukulazimu ubadilishe desturi ya chumba kizima kwa ajili ya mmoja, kisha ugundue kwamba wengi walikuwa wakiihitaji, ila hawakuthubutu kusema.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akuepushe na wema usiosikiliza. Akuzungushie wenzako wasiofanana nawe, na akupe moyo wa kuwahitaji kabla hujaitwa kuwasaidia. Amina.