Barua ya Kuhama Boma la Baba

Kwetu mwana wa kiume hahami boma la baba yake apendavyo. Baba ndiye anayemtoa, asubuhi na mapema: mzee anatangulia, wewe unafuata na jogoo mkononi, mwanao wa kwanza amebeba shoka, mke amebeba makaa ya moto kwenye kigae. Nyumba inasimamishwa siku hiyo hiyo na mnalala humo. Na mkubwa hutoka kabla ya mdogo, hilo halina mjadala. Mkubwa akipitwa, amepitwa. Baba hana namna ya kumrudisha mbele.

Mimi ndiye kifungua mimba. Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa karani bandarini Kisumu, nikiishi Nyalenda na mke na watoto wanne katika chumba kimoja. Kule nyumbani, mbele ya Port Victoria, nusu siku kwa mguu ukizunguka mafunjo ya kando ya ziwa, sikuwa na kitu ila kibanda changu cha ujana karibu na lango la baba. Mwanamume mzima na ndevu zangu, nikienda kwetu nalala kibandani kama kijana ambaye hajaoa! Niliona haya, tena haya kweli.

Basi tukapanga safari. Mke wangu alinunua mtungi, akaufunga magunia usije ukapasuka ndani ya basi. Mimi nilikwenda kwa mhunzi kuchagua shoka, nikalirudisha mara mbili kwa sababu mpini haukunipendeza, mpaka akaniuliza kama nakwenda kukata mti au kuposa. Jogoo tulimfuga chini ya kitanda. Mtaa mzima ulimchukia. Jirani mmoja alikuja mlangoni akasema, "Bwana, huyu mwimbaji wako anahama lini?"

"Mwezi ujao!" nikamwambia, nikicheka. Nilikuwa na furaha, sikatai.

Nilikuwa nimemwandikia baba barua kumweleza mipango yote na kumwomba anitoe. Baba hakujua kusoma. Msomaji wake alikuwa mdogo wangu, aliyebaki nyumbani na mkewe. Na kusoma nilimfundisha mimi, kwa kipande cha kaa juu ya ubao wa mlango, kabla hajatia mguu shuleni. Majibu pia aliandika yeye. La kwanza lilisema baba amefurahi sana, ila tungoje mvua ziishe. Tukangoja. La pili likasema baba anaumwa magoti, tungoje mavuno. Tukangoja tena. Nikabadilisha likizo, msimamizi wangu akaninunia wiki nzima. Na kila barua ilimalizika kwa "Mdogo wako akupendaye." Ala! Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi mjinga natulia nipakwe.

Habari ililetwa na mama mmoja wa kijijini kwetu aliyekuja Kisumu kuuza samaki wakavu. Alimshika mke wangu mkono pale sokoni akamsifu kwa moyo wetu mkubwa, kumwachia shemeji atangulie. Boma lake lina lango zuri, akasema, na nyumba imeezekwa nyasi mpya. Mke wangu alirudi bila mboga. Alinisimulia akiwa amesimama, kisha akamvuta jogoo kutoka chini ya kitanda, akampelekea jirani yule yule. "Mchinje," akamwambia.

Nilipanda basi peke yangu. Mdogo wangu aliniona kwa mbali, akaingia katika nyumba yake mpya akafunga mlango mchana kweupe. Sikubisha. Nilipitiliza hadi kwa baba, nikamkuta amekaa nje akisuka mtego wa samaki.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Wewe ulisema umeamua kukaa mjini. Ulisema ndugu yako atangulie. Barua ilisomwa hapa."

"Sikuandika hivyo, Baba! Huyo amekusomea uongo!"

Nilingoja aruke juu, aite wazee, amlaani yule mtoto mbele yangu. Aliendelea kupitisha fito.

"Ile barua ilikuwa imejaa pande zote mbili," akasema mwishowe. "Yeye alisema maneno machache, akaikunja. Mimi si kipofu, mwanangu."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini, Baba? Kwa nini?"

"Wewe huja Krismasi. Huyu ndiye ananiinua asubuhi nikitaka kutoka nje." Kisha akaniambia nikae, chakula kinaiva.

Sikukaa. Hasira niliyotoka nayo Kisumu ilikuwa ya mdogo wangu. Ya baba sikuwa nimejiandaa nayo, na iliniuma kuliko ile nyingine. Nilichukua mfuko wangu nikarudi kwa njia niliyojia. Mpaka siku tuliyomzika, sikumwandikia baba barua nyingine.