Kumi na moja ya fomu, kumi na moja ya bibi

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Gizani kijiko kinakoroga uji, polepole, kikikwepa ukingo wa sufuria kwa adabu ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kinagota mara moja. Kimya. Kisha kinaanza tena.

Mwanamke anayekoroga ananong'ona kuelekea pazia linalogawa chumba: "Baba watoto, nitajie wanyama wote unaowajua. Una dakika moja."

"Mke wangu," inajibu sauti nzito ya usingizi, "mnyama ninayemjua ni huyu anayeniamsha kila siku kabla ya jogoo."

"Huyo mmoja. Endelea."

Ndivyo anavyoianza siku mkalimani wa kliniki ya afya ya akili katika hospitali moja ya umma. Ana miaka thelathini na miwili, watoto wawili, na jina alilobandikwa na wenzake kazini: Mdomo wa Kukodi. Hukaa kati ya mtaalamu wa saikolojia asiyejua Kiswahili na mgonjwa asiyejua Kiingereza, akipitisha maneno huku na huku.

Leo uji anaupakua lakini hanywi. Asubuhi hii bibi mmoja, mshona mashuka wa miaka sitini na minane, anapimwa akili kwa mara ya pili. Akishindwa, mjukuu wake wa miaka saba, ambaye mama yake ni marehemu, atachukuliwa na kupelekwa kwenye makao ya watoto. Mara ya kwanza alishindwa, na swali lililomwangusha lilitoka kinywani mwa mkalimani huyu.

"Ndiyo maana siku hizi kila swali nalijaribu nyumbani kwanza," anasema, akiurudisha ndani ya shuka mguu mdogo wa kitindamimba wake. "Mume wangu ni mzima. Swali likimshinda yeye, nalitilia shaka swali."

Hakuanza kazi kwa kuongea. Alianza kwa kupiga deki. Alikuwa akifagia korido za kliniki hiyohiyo, na jioni, mtoto wa kwanza mgongoni, akienda darasa la watu wazima kusoma Kiingereza. Alisoma miaka mitatu. Siku mkalimani wa zamani alipougua, dada wa mapokezi alimwita: "Wewe wa ufagio, si unasoma? Njoo useme." Ni mwaka wa sita sasa. Hulipwa kwa siku. Asipoitwa, halipwi, na hana wa kumlalamikia.

Kanuni ya kazi ni fupi. Mkalimani ni kioo cha dirisha. Haongezi, hapunguzi, haelezi, na karatasi ya mgonjwa haitazami.

"Wiki ya kwanza niliivunja," anasema. "Mbele yangu amekaa mzee wa umri wa baba yangu, na swali la kwanza ni kama amewahi kutamani kufa. Nianzie wapi? Nikamwamkia. Mtaalamu akauliza, umemwambia nini? Nikasema, shikamoo. Akaniambia, hilo halimo kwenye fomu."

Anacheka, kisha anaacha kucheka.

"Sasa mzee asiyeamkiwa atakujibu nini? Atakwambia hapana, hapana, hapana, ili uondoke mbele ya macho yake. Nawe uandike kwamba hana tatizo."

Siku nyingine mama mmoja alieleza kuwa moyo wake unamwambia mwanawe aliyepotea bado yu hai. Mkalimani alipitisha maneno kama yalivyo. Akaona kalamu ya mtaalamu inaandika: anasikia sauti.

"Nikasema, hapana, daktari, moyo ukituambia huwa hautoi sauti. Basi wenzangu wakaanza. Mdomo huyo! Wa kukodi lakini una maoni!"

Hayo yote, anasema, yalikuwa madogo. Kubwa lilikuja na fomu mpya.

Fomu hiyo hupima kumbukumbu na akili za wazee. Bibi mshona mashuka aliletwa kliniki miezi miwili iliyopita, baada ya sufuria kuungua jikoni na jirani kupiga simu ofisi ya ustawi wa jamii. Ofisi ilitaka kujua jambo moja: je, akili za mlezi huyu bado zinatosha kulea?

Bibi alikuja amevaa gauni la kutokea, mjukuu mkononi. Alijibu tarehe, akajibu siku. Lilipofika swali la kuchora, meza ilicheza.

"Nishikie karatasi, mwanangu," alimwambia mkalimani. "Meza yenu hii nayo ipimeni."

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu fomu ile ifike, mkalimani akawa anatazama karatasi huku akisoma swali kwa sauti: chora uso wa saa, weka namba zote, kisha weka mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi.

Bibi alichora duara kwa mkono wa mtu aliyekata vitambaa maisha yake yote. Namba zikakaa mahali pake. Mshale mrefu kwenye mbili. Mshale mfupi umeipita tano kidogo.

"Nikasema moyoni, amepata," anakumbuka mkalimani. "Kisha nikaona mtaalamu anaweka mkasi, alama ya kosa. Mkasi mkubwa, mwekundu."

Bibi alipungukiwa na alama mbili tu ili afaulu. Mishale ya saa ina alama mbili.

Msomaji, itazame saa yako ya ukutani jioni hii uone kumi na moja yetu inakaa kwenye namba gani. Fomu ilitungwa kwa Kiingereza, ambako namba unayoitamka ndiyo namba unayoiona. Ilitaka mshale mfupi ukae kwenye kumi na moja. Kwa Kiswahili ilipaswa kusema saa tano na dakika kumi.

Siku ile mkalimani hakusema neno. Halifichi hilo.

"Nilifikiria kibarua changu. Nikafikiria watoto wangu. Nilipofika nyumbani nikawaona wamelala, mmoja kamlalia mwenzake, nikafikiria yule mtoto wa bibi atalala na nani. Sikula."

Kesho yake aligonga mlango wa mtaalamu. Alisikilizwa kwa upole, na akakataliwa kwa upole. Mtaalamu alimwambia: "Nikibadilisha alama kwa sababu mkalimani amemwonea huruma bibi, kesho nitabadilisha kwa sababu gani?" Kisha akamwonyesha barua. Fomu ilitafsiriwa na mtu mmoja kwenda Kiswahili, na mtu mwingine akairudisha Kiingereza. Zikalinganishwa. Hazikupishana hata neno.

"Ni kweli," anasema mkalimani. "Kumi na moja ilikwenda ikiwa kumi na moja, ikarudi ikiwa kumi na moja. Tabu ni kwamba njiani ilipita kwetu."

Akaomba jambo moja tu: wapimwe wazima.

Saa nne, wakati wa chai, wafanyakazi tisa waliitwa chumba cha mikutano na kupewa penseli. Walikuwamo mlinzi wa getini, wafagiaji, dada wa mapokezi, muuguzi mkuu. Swali likasomwa kama lilivyo kwenye fomu. Wanane wakaweka mshale mfupi kwenye tano. Wa tisa, mhasibu, aliinua penseli na kuuliza: "Kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?"

Mtunza mafaili alizikusanya karatasi, akazipekua, akaguna. "Basi tufunge kliniki. Wagonjwa ndio sisi."

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Mtaalamu hakucheka. Alibaki na zile karatasi tisa mpaka chumba kikawa kitupu.

"Nilisomea kulikagua jibu," anasema mtaalamu huyo kupitia kwa mkalimani wake. "Swali nilipewa likiwa tayari, nikaliamini."

Mkalimani anamaliza kutafsiri na kuongeza upesi: "Hilo amesema yeye, si mimi."

Fomu ilisimamishwa siku hiyohiyo. Ofisi ya ustawi iliandikiwa isubiri. Bibi akapangiwa kipimo kingine, chenye maswali mengine yaliyopitiwa upya. Lakini miezi miwili ya kukingoja imeshafanya kazi yake.

"Mtu akiniambia nimeishiwa akili, namcheka," anasema bibi mwenyewe, akiwa kwenye benchi la korido akisubiri kuitwa. "Karatasi ikisema, usingizi unaruka. Kila jioni nahesabu sindano zangu. Zikiwa kumi na mbili, napumua. Siku moja zilikuwa kumi na moja. Nililia. Kumbe moja ilikuwa kwenye kola yangu."

Mjukuu, anayezungusha miguu isiyofika sakafuni, anamsahihisha: "Ilikuwa kwenye mkono wa gauni, bibi."

"Haya, kwenye mkono. Na wewe nyamaza, watasikia."

Saa tatu kamili anaitwa. Chini ya mguu mfupi wa meza wameweka kipande cha boksi kilichokunjwa. Mkalimani anainama kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mume hajambo?"

"Hajambo. Nimemwacha anataja wanyama."

Mtaalamu anangoja wamalize. Hagusi kalamu.

Kipimo kinachukua saa moja na nusu. Bibi anahesabu kurudi nyuma, anaeleza angefanya nini mtoto akichemka homa, anapanga hadithi iliyovurugwa. Mwanzoni alipewa maneno matano ayaweke kichwani. Sasa anaombwa ayarudishe. Anarudisha manne.

"La tano limetoka kidogo," anasema. "Litarudi."

Halirudi. Mkono wake unatafuta kwenye mkunjo wa gauni, kama linaweza kuwa limedondokea huko. Nje, mjukuu anasikika akimuuliza mlinzi kama bunduki yake ni ya kweli.

Mkalimani anatazama sakafu. Neno analijua.

"Ulimi uliniwasha," anakiri baadaye. "Lakini pale wajibu wangu ulikuwa kunyamaza. Ile saa ilikuwa kosa letu. Kusahau ni kwake, na akisahau lazima iandikwe, maana kesho huenda akahitaji msaada kweli. Nikimnong'oneza jibu, sijamsaidia, nimempotosha yeye na daktari. Watu wanadhani nataka wazee wote wafaulu. Nataka waulizwe kitu wanachoweza kukisikia."

Na hajamaliza. Fomu mbovu ilitumika miezi saba. Yeye na mtunza mafaili wamekaa chini wakahesabu: mbali na bibi, swali lile aliwasomea watu thelathini na mmoja. Jumamosi, mtoto mdogo mapajani, hupiga simu moja baada ya nyingine kwa idhini ya kliniki. Kumi na wanne wamepatikana na kupangiwa kurudi. Mmoja alikuwa mlinzi wa ghala, akaachishwa kazi kwa sababu ya karatasi ile. Namba tatu hazipatikani tena.

"Hao watatu nawaota," anasema. "Si kwa ubaya. Naota nawaamkia."

Mwezi ujao anarudi darasani jioni, safari hii kusomea saikolojia. Ni miaka minne kwa mwendo wa mtu mwenye kazi na watoto. Mumewe amekubali kupika, kwa sharti kwamba asiulizwe chochote kabla ya jua kutoka. Kliniki nayo imekubali ombi lake kwamba fomu yoyote mpya ijaribiwe kwanza na watu wa kawaida kumi kabla haijamgusa mgonjwa. "Na mhasibu awemo," anasema. "Yule anauliza."

Anataka siku moja akae upande wa pili wa meza. "Sitakuwa na haja ya mkalimani. Lakini nitamweka mtu pembeni, anikumbushe nikikosea."

Siku ya tisa baada ya kipimo, barua inafika. Bibi anasimama koridoni na bahasha mkononi, hajaifungua. Anamnyooshea mkalimani. "Nisomee, mwanangu. Mimi macho yamekataa."

Mkalimani anaifungua. Macho yake yanateremka mpaka mstari wa mwisho, na hapo yanakaa. Hasomi. Anachuchumaa mbele ya mtoto, ambaye yuko darasa la kwanza na sweta lake limekosa kifungo kimoja, anampa karatasi, na kuweka kidole chini ya mstari ule.

Mtoto anaunganisha silabi kwa midomo, bila sauti, kwa kazi kubwa. Kisha anavuta pumzi na kusoma kwa nguvu, kama wanavyofundishwa darasani, hata mtunza mafaili anainua kichwa:

"Mtoto abaki kwa bibi yake."